Barabara ya Baba, na Yule Msichana wa Kasapa

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Leo ameingia msichana mmoja hapa nyumbani. Glodie. Anasoma historia kule chuo kikuu, Kasapa, mwaka wa mwisho. Jeans, simu kubwa, kicheko hata kabla ya kukaa. Anaandika mémoire, tasnifu yake ya mwisho, juu ya barabara za zamani zilizokuwa mali ya watu — mtu anafungua njia kwa nguvu zake, anaweka mti katikati, anayetaka kupita analipa. Anasema kabla ya péage hizi za leo, vituo vya kulipia njia vyenye taa na kamera, zilikuwepo hizo. Na wenye nazo wote wamekufa. Isipokuwa Baba.

Baba! Tangu mume wangu afariki naishi naye katika nyumba hii ya Bel-Air. Napika, nafua, nampeleka hospitali. Barabara yake amenitajia labda mara mbili, zote za kunigombeza: nilipokuwa na barabara yangu, hakuna aliyethubutu kuniletea chai ya baridi. Basi. Hayo ndiyo ninayojua.

Nilidhani atamfukuza. Baba haongei na wageni. Baba haongei.

"Kaa, mwana yangu," akamwambia. "Si pale, jua itakuchoma. Kuya hapa karibu."

Mwana yangu! Mimi ananiita "weye".

Nilikuwa kwenye mashini yangu barazani, nashona sare za kwaya ya watu wa Kampemba, mlango wazi. Nikasikia yote. Njia ilianzishwa na mzungu mmoja wa ng'ombe, ili maziwa yake yafike mjini. Mzungu akaondoka, nyasi zikaota. Baba alikuwa seremala wake. Akaenda kwa chifu kuomba ruhusa, akafyeka, akajenga daraja la magogo juu ya mto Mutwale. Mvua ikiharibu barabara kubwa ya Kasenga, malori yote ya samaki yalizungukia kwake. Na yalisimama mbele ya barrière yake, ule mti wa kuziba njia, hata yawe ya nani.

"Na kama muntu alikatala kulipa, Muzee?"

"Anarudia kwenye alitoka!"

Wakacheka wote wawili. Sijui mara ya mwisho niliona meno ya Baba yakicheka ni lini.

Glodie alipoondoka alisema, asante kwa chai, mama. Mama! Nina miaka arobaini na nne, siyo tisini.

Jumapili, 5 Oktoba

Wakati wa kula nilimuuliza Baba, hivi lile daraja lilikuwa refu kiasi gani? Akasema, weka chumvi kidogo siku nyingine.

Jumatano, 8 Oktoba

Amenyoa ndevu. Jumatano! Kisha ananiuliza shati lake la mistari liko wapi, ananiuliza kama tangawizi imebaki, ananiuliza kama kikombe kile chenye maua bado kipo au nimeshakivunja. Jumamosi msichana wake anakuja.

Kikombe kile ni cha Mama. Hakuna anayekinywea. Nilisema sijui kiko wapi. Akasimama, akakitafuta mwenyewe na magoti yake hayo, akakipata.

Shati nililipiga pasi. Kola ikaungua kidogo. Kwa makusudi? Hapana. Ndiyo. Kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Alikuja na maandazi. Amejua tayari kwamba Baba anapenda ya iliki. Mimi nilimletea ya iliki mwaka mzima, hakuna siku alisema kitu. Leo: "Ah! Mutoto huyu iko na akili!"

Nilishona polepole ili nisikie. Leo ilikuwa habari ya mafuriko. Mvua kubwa, mto Mutwale umepanda mpaka juu ya magogo, kila mtu anasema daraja linakwenda. Na Baba, kwa maneno yake, akakusanya wanaume arobaini, wakabeba mawe siku nzima, daraja likabaki limesimama. Msichana anasema ooh, anasema incroyable. Baba anapiga mkono kwenye goti.

Halafu sauti ikashuka. Nikasikia jina.

Alima.

Mungu wangu. Tangu Mama afe — nilikuwa na miaka sita — sijawahi kumsikia Baba akitamka jina hilo. Hata kaburini anasema "yeye". Mguu wangu wenyewe ukaacha kukanyaga mashini. Nikasikia: mimi nikienda mjini, Alima njo yeye alibakia kwa barrière. Bashofere balimuogopa kuliko mimi. Alikuwa na sauti —

Kimya cha mashini kikamshtua. "Djamila! Chai!"

Nikapeleka chai. Wakanyamaza wote wawili mpaka nikatoka, kama vile nimeingia bafuni mwa mtu. Niliporudi kukaa walikuwa wameshafika kwenye bei ya lori na bei ya baiskeli.

Alikuwa na sauti — ya nini? Nene? Nyembamba? Ya kuimba? Mimi sikumbuki sauti ya Mama. Nakumbuka mikono, nakumbuka harufu ya mafuta ya nazi kichwani. Barrière yenyewe sikuiona hata siku moja. Kaka yangu Yusufu alikaa kule nao, mimi nililelewa mjini kwa bibi. Sasa sauti ya mama yangu imo ndani ya simu ya yule msichana. Amerekodi. Ameondoka nayo kwenye taxi, pamoja na maandazi yaliyobaki, maana Baba alimfungia!

Jumapili, 12 Oktoba

Sikupika. Nilisema kichwa kinauma. Baba akala mkate.

Jumanne, 14 Oktoba

Yusufu amepiga simu kutoka Kolwezi. Nikamweleza. Akacheka. Leka Muzee afurahi, dada, weye uko na wivu ya mutoto mudogo. Nikamwambia njoo basi umuoshe wewe miguu, uone kama ni utoto. Nikakata.

Kisha, saa hiyo hiyo karibu — Glodie. Simu ya Baba nakaa nayo mimi, yeye hasikii ikilia. Alikuwa na furaha: Jumamosi atakuja na taxi, ampeleke Muzee kule Annexe, pembezoni mwa mji, kuiona barabara, au mahali ilipokuwa. Ampige picha pale pale. Hakusema kama na mimi nitakuja. Labda angesema. Sikumpa nafasi.

Nikamwambia Baba hataki tena. Amechoka. Amesema usirudi.

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Kisha: "Nilimukosea nini, mama?"

Sijui, nikasema. Nikakata hiyo nayo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amevaa shati la mistari tangu asubuhi. Amekaa kwenye kiti chake akitazama geti. Kikombe cha maua mezani, amekiosha mwenyewe. Kila taxi ikipunguza mwendo anainua shingo.

Mchana nikasema Baba, kula. Akasema namungojea mugeni. Jioni nikasema Baba, labda ana mitihani. Akaniangalia. "Alipiga simu?"

"Hapana."

Akavua shati, akalikunja vizuri, akaingia kulala bila kula. Nimeshinda. Nyumba ni yangu tena, na Baba ni wangu tena. Hii hapa: bukari, ugali wetu, imepoa na sahani mbili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo nilijaribu. Niliacha mashini, nikaosha mikono, nikakaa mbele yake pale pale alipokaa Glodie. Nikasema: Baba, na mimi niambie habari za barabara. Na mimi nataka kujua.

"Weye? Utaifanya nini?"

"Nisikie tu."

Akaanza. Kweli alianza! Mzungu wa ng'ombe, chifu, magogo. Kumbe anasimulia vizuri, anaonyesha na mikono, hata kelele ya lori anaifanya. Dereva mmoja wa wafanyabiashara wa Butembo, Paluku, alikuja na lori lenye breki mbovu, akaupitia ule mti kama kijiti cha kibiriti, akasimama mbali kule, kisha akarudi kwa miguu kulipa. Aliulipia na ule mti. Nilicheka mpaka machozi. Nikafikiri: rahisi hivi? Miaka yote hii ilikuwa rahisi hivi?

Tukafika kwenye mvua. Maji yamepanda. Daraja linatikisika. "Njo Al —"

Akasimama hapo. Akaniangalia usoni, si machoni, usoni kote, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Akaomba maji. Nikaleta maji. Akanywa, akasema tutaendelea kesho.

Jumanne, 21 Oktoba

Hatukuendelea. Nilipomkumbusha alisema barabara ni kitu cha zamani, kazi yangu ni kushona.

Kwa hiyo kwa msichana wa watu jina linatoka lote. Kwangu linaishia katikati.

Jumatano, 22 Oktoba

Hajala vizuri tangu Jumamosi. Suruali inamshuka. Nimekaa na simu mkononi asubuhi nzima, kisha nikampigia Glodie.

Nilisema nilidanganya. Baba hakusema lolote. Ni mimi. Juu ya nini, akauliza. Nikasema njoo tu, anakungojea.

Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningepumua. Akasema tu, "Nililia, yaya. Nilizania nilimuumiza Muzee." Yaya! Nimeshuka kutoka mama mpaka dada mkubwa, na siku yenyewe niliyomkosea.

Kisha akasema: ile siku alisema juu ya mama yako, kama unataka nitakutumia audio kwa WhatsApp.

Nikamwambia hapana, asante.

Kwa nini nilikataa? Masikio yangu yanaitaka. Lakini sikutaka kupewa mama yangu na mtu wa nje, kwenye simu, kama picha ya sherehe ambayo sikualikwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku ndefu. Mkono unaniuma, lakini lazima niandike yote.

Tulikwenda watatu. Baba mbele na dereva, sisi wawili nyuma. Shati la mistari, kofia nyeupe, fimbo. Alikuwa anaamrisha: kushoto, hapana, kulia, hapa palikuwa miembe, hapa palikuwa pori. Hakuna miembe, hakuna pori. Nyumba, nyumba, nyumba, matofali ya kuchoma, vibanda vya crédit ya simu, makanisa ya mabati. Annexe imekula kila kitu. Baba akaanza kunyamaza. Nikaona shingo yake kutoka nyuma, imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

Mto Mutwale tuliuona kwa sababu dereva alikataa kuuvuka. Kijito. Chupa za plastiki, mama mmoja anafua. Lakini kando ya maji, ndani ya majani, mawe mengi makubwa yamepangwa, yameshikana, yameota ukungu. Baba akagonga kioo na kiganja. "Hapa! Hapa njo!"

Alipofungua mlango nilikuwa nimeshazunguka gari kumshika. Alinipita. Alimpa mkono Glodie. Mkono wake wa kuume ameushika yeye, wa kushoto una fimbo. Mimi nikabeba chupa ya maji.

Nikatembea nyuma yao kama mfanyakazi wa nyumbani.

Baba akaonyesha na fimbo: barrière ilikuwa hapa. Nyumba ya mlinzi hapa. Malori yalijipanga mpaka kule. "Hapa" yake ya kwanza ni ukuta wa parcelle, kiwanja cha mtu. Ya pili ni jiko la mtu. Glodie anapiga picha, anapima kwa hatua, anaandika. Watoto wakaanza kutufuata, kisha wakubwa. Mwanaume mmoja akatoka ndani ya parcelle akiwa na kaptura, anaitwa Mwelwa, nilijua baadaye.

"Munapima nini hapa?"

Glodie akasema ni historia tu, papa. Zamani barabara hii ilikuwa mali ya muzee huyu.

Lo! Neno baya kuliko yote.

"Mali yake? Munasikia? Banakuya kutunyanganya parcelles!"

Watu wakajaa kama vile kuna mechi. Kila mmoja amenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Glodie akafanya kosa la pili, akatoa karatasi ya chuo yenye muhuri. Muhuri! Wakapiga kelele zaidi: iko na kartasi, iko na kartasi! Mmoja akamshika mkono wa simu. Mwelwa akamsogelea Baba, kidole kifuani, na Baba badala ya kunyamaza anainua fimbo: "Udongo hii nililimaka miye na mikono yangu!"

Sijui nini kiliniingia. Niliitupa chupa. Nikapanda juu ya yale mawe, mikono kiunoni, nikapiga kelele kutoka tumboni:

"Simameni hapo! Hapana muntu anapita! Kila muntu asimame kwenye iko!"

Wakasimama. Mimi mwenyewe nilishangaa. Nikaendelea, lakini kwa sauti ya kawaida, kwamba hatutafuti udongo wa mtu, baba yangu alitaka kuona daraja lake kabla ya kufa, akishaona tunakwenda zetu.

Halafu mwanamke mzee akaanza kucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya makaa yake ya kuuza, vidole vyeusi, kitambaa cha njano. Alicheka mpaka akakohoa.

"Njo yeye! Njo yeye kabisa! Ile sauti njo ya Alima wa ku barrière! Weye uko mutoto ya Alima?"

Nikasema ndiyo.

"Ba Mwelwa, mumuleke. Hapana bezi ba udongo. Huyu njo mutoto ya Alima." Akasimama kwa shida, akamtazama Baba kutoka kofia mpaka viatu. "Na weye, Bwana ya Muti. Kumbe ungali unaishi."

Baba akashusha fimbo. Sijawahi kuona mtu akimsalimia hivyo.

Jina lake ni Mama Katongo. Alipita hapa tangu msichana, na mihogo na samaki kichwani. Watu wakapoa, wengine wakaanza kucheka, Mwelwa akaleta hata kiti. Glodie naye, macho yake yakawaka. Akapiga magoti mbele ya yule mama, simu tayari: mama, naweza kurekodi?

Mama Katongo akausukuma ule mkono polepole. "Hapana kwa simu. Mutoto ya Alima akuye peke yake. Nitamuambia yeye."

Nikautazama uso wa Glodie. Niliijua ile sura. Ni yangu, ya siku kumi na nne zilizopita, na sinia la chai mkononi.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Njiani kurudi Baba alikaa nyuma na mimi safari hii, sijui kwa nini.

Jumapili, 26 Oktoba

Baba: yule mwanamke alikuwa mwizi wa samaki. Uongo mtupu. Usiende.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda. Na sukari, sabuni, kitambaa cha mita tatu kutoka kwenye vipande vyangu. Mama Katongo alinikalisha karibu na makaa, akaongea, na mimi sikuandika, sikurekodi, nilisikia tu. Naandika sasa, ili nisipoteze.

Kwanza sauti. Ilikuwa nene. Nene! Kama ya mwanaume mwenye mafua, alisema, na cheko lake lilikuwa la ndani ya pua. Nilimwomba arudie hilo la pua.

Kisha haya. Bei ya kupita ilikuwepo hata kwa mwenye mzigo kichwani. Asubuhi Baba akishakwenda mjini, wanawake walikuja na vikapu vyao. Mama hakuufungua ule mti. Aliuinua kidogo tu, mpaka kifuani, akaushika hapo.

"Alisemaka: Inameni, bamama! Miye sifungui. Ninyi njo munapita chini."

Kwa hiyo Baba akimuuliza jioni, umemfungulia mtu bila kulipa? Anajibu bila uongo: sikumfungulia mtu. Mama Katongo aliinama kunionyesha, mzee yule, mkono kichwani akishika kikapu ambacho hakipo. Niliinama na mimi. Tulikuwa wajinga wawili tunaopita chini ya hewa.

Halafu mafuriko. Baba hakuwepo. Hakuwepo! Alikuwa mjini, maji yalimzuia, alifika kesho yake. Hakukuwa na wanaume arobaini. Mama alisimama peke yake kwenye daraja, anaita. Na walikuja wanawake. Wale wa kuinama. Walibeba mawe kwa vikapu vya samaki, kwa vitenge, kwa mikono, mpaka mto ukachoka. Yale mawe niliyopanda juu yake Jumamosi.

"Na yeye alibeba na tumbo hii," akasema, anaonyesha mbele yake. "Tulimukatalia, hakusikia. Alizaa muda kidogo nyuma ya ile mvua. Njo weye."

Njo mimi. Nilikuwa kule. Nimemwonea wivu Yusufu maisha yote kwa sababu yeye aliishi barrière, na mimi nilikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Nikauliza, Baba anajua? Akafikiri, kisha akajibu: Alima alitukataza tusiseme. Kama mume wake angejua kwa nini tulikuja, angejua na habari ya asubuhi. Baba alipofika akaona daraja limesimama na mke wake amekaa pale na matope mpaka magotini, akauliza ni nani walifanya. Mama akajibu, bantu tu. Basi Baba akawatengenezea hesabu yake: arobaini, na wote wanaume.

Nililia njiani, lakini si kwa huzuni. Nimepata kitu ambacho Baba hana. Ambacho Glodie hana. Nakifunika kwa mkono hata hapa ninapoandika.

Ijumaa, 31 Oktoba

Asubuhi, wakati wa chai: Katongo alikuambia nini?

Nikasema alikusalimia.

Alikwenda msikitini, akarudi mapema. Kabla ya kuvua viatu: alikuambia nini tena? Nikasema bei ya makaa imepanda.

Glodie alipiga simu mchana. Yaya Djamila, nakuomba. Mwalimu wangu anasema mémoire yote ina sauti za wanaume tu. Natetea Desemba. Hata kidogo tu, hata bila simu, nitaandika kwa mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayebisha mlango wa nyumba kubwa. Nikasema nitaona. Neno tamu, nitaona! Lakini baada ya kukata sikujisikia mtamu. Nikimpa, mémoire itasema wanawake ndio waliokoa daraja, na Baba, mzee Feruzi, alitunga wanaume arobaini. Atakuwa amekaa pale mbele, siku ya kutetea, na shati la mistari. Nisipompa, Mama atabaki kama alivyokuwa — "yeye".

Na sasa hivi. Nilikuwa nabana mkono wa gauni, pini zimejaa mdomoni. Baba akatoka na kiti chake. Anakiburuta mwenyewe, miguu ya kiti inapiga kelele kwenye saruji. Amekiweka mbele ya mashini. Hajawahi kukaa hapa, anasema vumbi la nguo linamkohoza.

Akakaa. Akatazama gurudumu la mashini.

"Djamila." Siyo weye. Djamila. "Katongo alisema kama Alima alimuambiaka kitu juu yangu?"

Nikaitoa pini ya kwanza. Ya pili. Nilizichoma kwenye kitambaa moja moja, zote, na yeye akingoja, mikono juu ya fimbo. Sikuwahi kuona macho yake hivyo. Mwenye barabara, anasimama kwenye mti wa mtu mwingine.

Ningeweza kumwambia yote hapo hapo. Inameni, bamama. Ningeweza kumwumiza vizuri sana.

Nikasema: "Wewe kwanza, Baba. Tulifika kwenye mvua."

Nimevuta daftari, anadhani naandika vipimo vya mteja. Bado amekaa. Anafungua mdomo, anaufunga. Amevua kofia, ameiweka juu ya goti, anaigeuza geuza. Simu inaita — ni Glodie tena. Baba anaiangalia simu, ananiangalia mimi.

Naiacha iite.